Namna ya kutumia breki za ABS kwenye njia mbovu za Goma na Masisi

Shoferi anayetoka Goma kwenda Masisi, mashariki mwa Kongo (DRC), hufuata lami hadi Sake, kisha huanza kupanda milima ya Mushaki juu ya udongo na mawe yaliyolegea, na hapo breki zile zile huanza kujibu kwa namna nyingine kabisa. Akizikanyaga kwa nguvu kwenye mteremko wa changarawe, pedali humtetemekea mguuni, gari linaendelea kuteremka, naye hudhani breki zimekufa. Hazijafa. ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, inafanya kazi yake, ila juu ya ardhi isiyoifaa.

Mfumo huu, ambao Mercedes-Benz ilianza kuuweka kwenye magari yake mwaka 1978 ukiwa umetengenezwa na Bosch, hutumia sensa za magurudumu kupima mwendo. Gurudumu likitaka kusimama ilhali gari bado linakwenda, kompyuta hupunguza shinikizo la mafuta ya breki, kisha hulirudisha, mara kadhaa ndani ya sekunde moja. Shabaha yake ni kwamba tairi lizidi kuzunguka, kwa sababu tairi lililojifunga halifuati kona hata ukizungusha usukani hadi mwisho. Kwenye lami iliyolowa hilo huokoa maisha. Kwenye changarawe, mchanga mzito au kokoto za volkeno mambo hugeuka: tairi lililojifunga huchimba na kukusanya rundo la kokoto mbele yake, na rundo hilo ndilo linalosaidia kulizuia gari. ABS hairuhusu rundo hilo likusanyike, kwa hiyo utasimama mbali zaidi, ingawa usukani unaendelea kukutii.

Basi anza kwa kulifahamu gari lako mwenyewe. Tafuta kipande cha njia ya changarawe kilicho tambarare, kisicho na watu wala pikipiki, nenda kilomita 30 kwa saa, kisha kanyaga breki kwa nguvu na uishikilie bila kuipampu. Shuka utazame alama. Tairi lililojifunga huacha mfereji unaoishia kwenye kichuguu cha kokoto, ilhali tairi linalotawaliwa na ABS huacha alama hafifu, zilizokatikakatika. Rudia jaribio hilo ukiwa kwenye 4L (gia nzito za magurudumu yote manne) na difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imefungwa, kwa kuwa katika baadhi ya magari ABS hujizima yenyewe difu ikifungwa, na taa yake huwaka, jambo ambalo si hitilafu. Ni heri ulijue hilo mahali pa tambarare kuliko ukingoni mwa bonde.

Kwenye mteremko mkali, kazi kubwa ya breki hufanywa kabla hujaanza kuteremka. Simama juu kabisa, ingiza 4L na gia ya kwanza, kisha uachie injini ilishikilie gari, nawe uguse breki kidogo kidogo tu. Usikanyage klachi katikati ya mteremko, wala usiweke nyutro, kwani ukifanya hivyo umeitupa breki iliyo bora kuliko zote ulizo nazo. Gari lenye mfumo wa kudhibiti mteremko lina nafuu, kwa sababu mfumo huo hutumia vifaa vile vile vya ABS kubana kila gurudumu peke yake.

Hatari ninayoiogopa kuliko zote ni gari kushindwa kupanda. Injini ikizimika katikati ya mlima wenye matope, uzito mwingi huhamia nyuma, magurudumu ya mbele hubaki mepesi na kujifunga upesi, na gari linaweza kuanza kuserereka kinyumenyume. Kanyaga breki, vuta handibreki, ingiza gia ya nyuma ukiwa kwenye 4L, hakikisha usukani umenyooka, kisha washa injini na kuachia breki taratibu ili gari lirudi chini kwa kuzuiwa na injini. Usijaribu kugeuza gari ubavu kwenye mlima.

Wapo wanaong'oa fyuzi ya ABS ili wasisumbuliwe nayo. Siwaungi mkono. Katika magari mengi ya kisasa mfumo huo huo hugawanya nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma, na ukiukata, magurudumu ya nyuma huweza kujifunga kwanza na gari likazunguka, hasa ukisahau na kurudi kwenye lami ya Sake ukiwa na mwendo.

Baada ya safari ya matope, osha sehemu za ndani za magurudumu kwa maji mengi, kwa sababu matope yaliyokaukia kwenye sensa huifanya isome vibaya na taa ikawaka. Fundi akibadilisha beringi au shafti, mwombe akague sensa na waya wake. Tumia matairi manne ya kipimo kimoja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na mafuta yenye maji huchemka kwenye mteremko mrefu hadi pedali ikazama, kwa hiyo yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, na fundi atumie aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ya breki iliyo ndani ya gari, DOT 3 au DOT 4.