Kutoka Kisumu Hadi Mbita kwa Mashua ya Tanga: Mambo ya Kuzingatia Kabla

Anza na upepo. Chakula na mafuta utavifikiria baadaye. Usiku hadi alfajiri, upepo mwepesi hutoka nchi kavu kwenda Ziwa Victoria. Jua likipanda ziwa hutulia kidogo, halafu mchana upepo hugeuka, ukavuma kutoka magharibi au kusini-magharibi na kuingia Ghuba ya Winam moja kwa moja. Ukichelewa kung'oa nanga Kisumu, utakuwa nao usoni mpaka jioni. Na kwa kuwa maji ya ghuba ni ya kina kifupi, wastani wa mita 6 hivi, mawimbi yake ni mafupi na yanafuatana upesi. Mashua haijamaliza kuinua kichwa, limefika jingine. Miezi ya Machi hadi Mei ongeza tahadhari: wingu jeusi likionekana, punguza tanga wakati bado mikono inaweza.

Usijaribu kumaliza safari kwa siku moja. Lala Kendu Bay, kisha kesho yake alfajiri uuzunguke Mlima Homa ukiwa kushoto kwako.

Sababu ya kukazania jambo hili ni usiku. Giza likiingia, ziwa ni la wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani. Taa zao utaziona kwa mbali na kuzipenda, lakini nyavu zilizotegwa kwa ajili ya samaki wengine hazina taa; nyingine hushikiliwa na maboya ya vipande vya mitungi ya plastiki tu. Usukani au rafadha ya injini ikinasa humo, umekata riziki ya nyumba ya mtu. Ukinasa, simama, umngoje mwenyewe, mzungumze malipo. Kukata wavu na kukimbia ni wizi.

Gugumaji ndilo lililonifundisha kuuliza kabla ya kuondoka. Limekuwa upande wetu wa ziwa tangu miaka ya 1990, na halikai mahali pamoja. Jana njia ilikuwa wazi, leo upepo umelisukuma na hori la Kisumu limefungwa. Mwaka mmoja niliondoka bila kumuuliza yeyote. Mizizi ikajisokota kwenye rafadha karibu na ufuo wa Dunga, injini ikapata moto, na vijana waliokuwa wakirudi kutoka kuvua wakanivuta kwa kamba. Hawakutaka pesa. Tangu siku hiyo hupita ufukweni jioni ya kabla ya safari, na kwenye mashua sikosi panga na upondo mrefu.

Laifu jaketi ivaliwe tangu gatini, hata na anayejua kuogelea: maji matamu hayambebi mtu kama ya chumvi ya Mombasa. Usiteremke kutembea kwenye maji ya ukingoni yenye majani na konokono, maana huko ndiko kichocho kinakopatikana. Wageni wa kutoka Nakuru, ambao malaria hawaijui sana, wabebe chandarua na wamwone daktari mapema kuhusu dawa za kinga. Karibu na mafunjo usitie nanga, hasa asubuhi na jioni. Ni njia ya kiboko.

Mbita panga kufika karibu na adhuhuri. Asubuhi wavuvi wanapakua, akina mama wananunua na kuanika omena, na mashua ya matembezi ikijipenyeza pale inawazuia watu kazini. Simama mbali kidogo, mtume mmoja kwa mtumbwi akamtafute mwenyekiti wa BMU, kikundi kinachosimamia ufuo. Awasalimu wazee kwanza, kwa Kijaluo "Oyawore" kama bado ni asubuhi, ndipo aulize pa kutia nanga, ada ya ufuo na kijana wa kulinda mashua usiku. Mwenye mlingoti mrefu anayetaka kuendelea hadi kisiwa cha Mfangano asitegemee kupita chini ya daraja la Rusinga. Akizunguke kisiwa cha Rusinga kwa upande wa kaskazini, na aombe mvuvi wa hapo ampandie mashuani kumwonyesha miamba.