Kuhama DSLR bila kutupa lenzi zako

Usiuze lenzi za zamani kabla hujazijaribu. Ukitoka Nikon DSLR, kamera yenye kioo cha ndani, kwenda Nikon Z, isiyo na kioo hicho, utahitaji adapta ya FTZ: lenzi za F, yaani za DSLR hizo, hukaa milimita 46.5 kutoka kwenye sensa inayonasa picha, za Z 16 tu, na adapta huziba pengo hilo. Ila FTZ haina mota ya kufokasi. Lenzi za AF-D, zisizo na mota ndani, utazifokasi kwa mkono, kazi ya kuchosha kwenye harusi! AF-S, zenye mota ndani, hazina shida.

Unapobadilisha lenzi, zima kamera, uielekeze chini. Kisha, kuangalia vumbi, piga picha ukuta mweupe kwa f/16, yaani tundu dogo la lenzi. Ukiona vidoa, puliza sensa kwa pampu ya mpira. Usipulize kwa mdomo, utaitemea mate.