Somo: kutafuta shida ya taa za dashibodi kwenye gari za zamani

Salaam aleikum wanachama. Siku hizi maswali mengi hapa ni ya taa za dashibodi, ya mmoja inawaka haizimi, ya mwingine haiwaki kabisa, na naona watu wanakimbilia altaneta (ile mashine inayochaji betri) ya mtumba na sensa mpya kabla hata hawajashika waya moja. Inaniuma kuona pesa zikienda hivyo. Mwenye Peugeot 504, mwenye Land Rover Series, mwenye Beetle, mwenye Corolla ya kitambo, nyote mnaingia humu, manake gari hizi hazina kompyuta, taa ni balbu na waya na swichi basi, na ukijua stima inapita wapi shida unaitafuta mwenyewe kwa testa na mita ya bei rahisi.

Njia yenyewe ni hii. Ukifungua ufunguo ON stima inatoka kwa betri, inapita swichi ya ufunguo na fyuzi, inaingia kwenye balbu ya dashibodi, alafu inashuka na waya moja mpaka kwenye injini, au kwenye hendibreki. Huko chini kuna kitu kinachoipa athi, yaani kuirudisha kwenye chuma cha gari. Ikipewa athi taa inawaka, ikinyimwa inazimika. Taa ya oili, ya chaji, ya hendibreki, zote ni hadithi hiyo hiyo ila kinachotoa athi ni tofauti.

Hatua ya kwanza, fungua ON bila kupiga stata na uangalie. Taa ya chaji na ya oili lazima ziwake. Kama moja haiwaki usifurahi ati gari ni nzima, hiyo ni gari isiyoweza kukuonya. Chomoa balbu uitazame, angalia na kile kikombe chake kama kimeshika kutu.

Hatua ya pili ni athi, na hapa kwetu Malindi ningesema uianze hata kabla ya ile ya kwanza. Gari inayolala upande wa Casuarina au Silversand inapigwa na upepo wa chumvi kaskazi na kusi, na pickup zinazobeba chumvi Gongoni na Marereni ndo usiseme, shaba inageuka kijani ndani ya plastiki na nje waya inaonekana safi. Fungua vichwa vya betri, fungua ile waya nene ya kutoka injini kwenda bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, alafu paka grisi juu. Kuhakikisha, weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti athi bado ni mbovu, rudia. Dashibodi nayo ina waya yake ya athi nyuma, mara nyingi imefungwa kwa skrubu moja tu, na hiyo ikilegea ndo unaona ukiweka indiketa taa nyingine zinafifia au geji inacheza. Wenye Land Rover za kabla ya miaka ya mwisho ya 60, angalieni kwanza, nyingine zimefungwa chanya kwenye bodi, ukibadilisha betri bila kujua unaharibu vitu.

Sasa taa ya chaji, ambayo ndo inasumbua wengi. Watu wanadhani ni ya kuonyesha tu. Kwenye altaneta nyingi za zamani stima inayopita kwenye balbu hiyo ndo inayoiamsha altaneta. Balbu ikiungua, altaneta inaweza isichaji kabisa au ichaji tu ukikanyaga mafuta sana, na fundi anakwambia altaneta imekufa, kumbe ni kabalbu ka wati 2 hivi. Kwa hivyo taa isipowaka ON, chomoa waya nyembamba nyuma ya altaneta uiguse kwenye chuma, ufunguo ukiwa ON. Taa ikiwaka basi waya na balbu ni nzima na shida iko ndani ya altaneta, kabroshi kaisha (kale ka kaboni kanakopeleka stima) au rota, ile sehemu inayozunguka, waya wake umekatika. Isipowaka altaneta haina makosa, rudi kwa balbu na waya. Hakikisha ni ile nyembamba, ile nene inatoka betri moja kwa moja na ukiigusisha chuma inatoa moto.

Kama taa inawaka na injini inanguruma, kaza mkanda kwanza. Alafu pima betri: gari ikiwa imezimwa iwe karibu volti 12.6, ikinguruma iwe kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12 na kitu hakuna chaji. Ikipita 15 regyuleta, kile kinachozuia chaji isizidi, imeharibika na itapika betri.

Taa ya oili nayo sibishani na mtu. Ikiwaka njiani zima injini hapo hapo, hata kama ni katikati ya daraja la Sabaki, sukuma pembeni. Pima stiki. Oili ikiwa iko, ndo uanze kushuku swichi: chomoa waya yake na ON iwe imefunguliwa, taa ikizimika waya haina shoti, ikibaki imewaka waya imechubuka mahali inagusa chuma. Lakini usiseme swichi ni mbovu kwa kukisia. Fungua swichi, funga geji ya presha ya kimekanika kwenye tundu lile lile, uwashe, usome presha ya kweli. Gharama yake na gharama ya krenki, shafti kubwa ya injini, huwezi kulinganisha.

Geji ya moto na ya mafuta zikipanda pamoja au kushuka pamoja, usinunue senda mbili, yaani vile vipimo vinavyopeleka habari kwa geji. Land Rover nyingi na gari zingine za Uingereza zina kidude nyuma ya dashibodi kinachoshusha stima iwe kama volti 10 ya kulisha geji zote mbili, na kikikosa athi geji zote zinadanganya. Hendibreki ni fupi, taa isipozima na mkono uko chini angalia mafuta ya breki, yakiwa yamepungua kuna mahali yanaenda au padi zimeisha.

MASWALI

Mwenye 504 pickup, Gongoni: Fundi shikamoo, yangu taa ya chaji haiwaki sana, inakuwa nyekundu hafifu usiku tu, nikiwasha taa kubwa ndo inaonekana.

Jibu: Marahaba. Washa taa kubwa, injini iende mbio kidogo, pima betri. Ikiwa 13.5 kwenda juu altaneta inafanya kazi, stima inapotelea kwa swichi ya ufunguo au kwenye kisanduku cha fyuzi, safisha fyuzi moja moja na vishikio vyake, kwa chumvi ya huko lazima utakuta kijani. Ikishuka chini ya 13 ni mkanda, broshi au dayodi za ndani ya altaneta.

Mwenye Beetle, Watamu: Kaka taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani naweza kujikokota mpaka Malindi?

Jibu: Simama ufungue nyuma uangalie mkanda. Beetle haina maji, feni ya kupoza imefungwa kwenye shafti ya dinamo (kinachochaji betri), mkanda ukikatika injini haipozwi tena na hata mwendo mdogo unaiua. Mkanda ukiwa upo na umekaza basi ni chaji tu, mchana utafika na betri, zima redio. Mkanda wa ziada na spana yake usitoke bila.

Mwenye Land Rover Series III, Mambrui: Taa ya oili inapepesa injini ikiwa moto na iko slo, yaani inanguruma bila kukanyagwa, nikikanyaga inazima. Nimeambiwa nibadilishe swichi.

Jibu: Ami, funga geji kwanza. Umeweka oili gani? Injini hiyo inapenda 20W-50, nyepesi ikipata moto presha inashuka. Kama oili ni sawa na geji bado iko chini slo, ni beringi au pampu, na swichi mpya itakwambia yale yale.

Mwenye Corolla, Majengo: Indiketa ya kushoto inawaka dashibodi lakini haipepesi, ya kulia ni sawa.

Jibu: Balbu moja ya kushoto imeungua au umewekewa ndogo. Flasha ya zamani, kile kidude kinachopepesa indiketa, inafanya kazi kwa joto la stima inayopita, inataka balbu za wati 21 zote. Zikiwa nzima, safisha athi ya taa ya mbele.

Dada mwenye 504 saluni: Nimetoa balbu zote za dashibodi nikaweka LED, zinapendeza, lakini sasa betri inalala.

Jibu: Dada rudisha balbu ya kawaida kwenye taa ya chaji peke yake, zingine acha. LED inapitisha stima kidogo mno, altaneta haiamki. Ukitaka lazima ibaki LED, mwambie fundi wa waya akuungie rizista ya omu 68 ya wati 5 sambamba nayo.