Jinsi ya Kuomba Mkopo wa Hazina ya Uwezo Ukiwa Mombasa

Mtu asiye na hatimiliki wala logibuku ya gari ya kuweka rehani, benki humzungusha mpaka achoke. Hazina ya Hasla (Hustler Fund) ya serikali inapatikana kwa simu, *254#, lakini mkopo wake wa mtu binafsi huanzia shilingi 500 na hulipwa ndani ya siku 14. Pesa hiyo inamfaa aliye na biashara tayari. Kwa anayeanza Likoni, Jomvu au Kisauni, mimi naona ajaribu kwanza Hazina ya Uwezo, nayo ni ya serikali: mkopo wa shilingi 50,000 hadi 500,000, hauna riba wala hautaki rehani. Ila hapewi mtu mmoja, hupewa kikundi.

Kwa hivyo anzeni na chama, yaani kikundi cha kuchangishana pesa. Muwe watu wasiopungua 10 wa eneobunge moja: wanawake, vijana wa miaka 18 hadi 35, au watu wenye ulemavu. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, andikeni katiba, kisha mkajisajili ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yenu. Bebeni nakala za vitambulisho na miniti za mkutano mliokubaliana kujisajili. Mkipata cheti, fungueni akaunti ya benki kwa jina lile lile lililo kwenye cheti, herufi kwa herufi.

Hapo wengi hukimbilia fomu. Ngojeni kidogo. Kinachotakiwa ni chama ambacho tayari kinachanga kila mwezi na wanachama wake wanakopeshana, na ushahidi wake ni daftari: tarehe, jina, kiasi, sahihi. Daftari lililojazwa usiku mmoja linajulikana tu. Wino ni mmoja, karatasi safi kama za dukani, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kukosa mchango. Chama cha kweli kina mama aliyetoa nusu mwezi wa pili kwa sababu mtoto alifukuzwa karo, na deni lake likaandikwa.

Fomu huchukuliwa ofisi ya Uwezo ya eneobunge lenu. Ni bure, anayewauzia ni tapeli. Kwenye mpango wa biashara msiandike "biashara ya chakula" mkaishia hapo. Andikeni karai mbili, jiko la gesi, viazi magunia mangapi, unga wa dengu, mafuta, kila kitu na bei yake ya sokoni, kisha mtauzia wapi na mtabakiwa na nini kwa siku. Mpitisheni chifu awaandikie barua, halafu mkirudisha fomu bakini na nakala iliyogongwa muhuri.

Kamati ya eneobunge ndiyo inayopitisha maombi. Kabla ya pesa kutoka kuna mafunzo. Nendeni wote, si mwenyekiti peke yake, maana deni ni la wote.

Kina mama wa Kiislamu huuliza kuhusu riba. Haipo, ila kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3 inayotozwa mara moja tu, yaani shilingi 6,000 kwa mkopo wa 200,000. Kama roho haijatulia, mwulizeni sheikh wenu kabla ya kutia sahihi.

Miezi 6 ya mwanzo hamdaiwi. Marejesho yakianza, pelekeni kupitia akaunti ya kikundi, na kila stakabadhi ikae kwa mweka hazina. Mtakapotaka kukopa tena, ndizo mtakazoulizwa.