Mbwa anarukia kila mtu getini? Mkatie posho

Unarudi kazini na shati lako jeupe, unafungua geti, hata begi hujaweka chini jamaa ameshakupandia kifuani na matope yake. Unapiga kelele "shuka! toka!", unamsukuma kwa mikono, yeye ndo kwanza mkia unazidi kuzunguka. Sasa kwake hapo hujamfokea, umecheza nae. Alitaka umwangalie, umguse, umwongeleshe, na vyote umempa, hiyo ndo posho yake, kesho anaruka tena.

Dawa ni kumchunia. Akiruka tu mpe mgongo, mikono kunja kifuani, usimwangalie, usiseme neno hata la kumkemea. Akizidi toka nje ufunge geti, subiri kidogo, ingia tena. Miguu yote minne ikigusa chini, hapohapo mwite jina kwa sauti ya chini, chuchumaa umkune kifuani. Usichelewe, ukichelewa ameshafanya kingine na yeye anajua umemsifia hicho kingine.

Siku za mwanzo ataruka kuliko zamani, atabweka, atakuvuta suruali, na hapo ndo wengi wanaachia. Ukimkubalia katikati ya vurugu umemfundisha kwamba aking'ang'ana sana ndo analipwa.

Huku unamfundisha kukaa. Chemsha maini bila chumvi na bila kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, watu wanawamwagia tu mabaki ya mchuzi), katakata vipande vidogo saizi ya punje ya harage. Kimoja kiweke karibu na pua yake halafu kipandishe taratibu kuelekea nyuma ya kichwa, akikifuata kwa macho makalio yanashuka yenyewe, yakigusa chini tu mpe. Akishaelewa mchezo ndo unaanza kutanguliza neno "kaa". Dakika tano asubuhi, tano jioni, uani kwanza kulikotulia, akiiva ndo mhamie getini. Mbwa aliyekaa hawezi kuruka, ujanja wote uko hapo.

Kazi ngumu kusema kweli ni binadamu. Dada, mlinzi, watoto, na yule mjomba wa kila jumapili, "muache bwana, mi napenda mbwa", huyo mmoja anaharibu kazi ya wiki nzima. Wageni wakija mfunge kamba kwanza, akitulia ndo wamsogelee.

Habari za kumpiga goti kifuani au kumchapa fimbo achana nazo, anaweza kuacha kukurukia wewe akaanza kuogopa mikono ya watu, na mbwa muoga ndo anang'ata. Halafu angalia na banda, ukimfungia kutwa nzima ukamfungulia saa nne usiku nguvu zote anazimalizia kwa atakayeingia. Mtembeze asubuhi kabla jua halijawa kali.

Yote haya ni kwa mbwa anayeruka kwa furaha, mwili umelegea. Akikakamaa na kuunguruma, au mpole akabadilika ghafla, hapo sio mafunzo tena, muone daktari wa mifugo, labda ana maumivu mahali. Chanjo ya kichaa cha mbwa usiache kumpa. Na akimng'ata mtu, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi ya chanjo.