Kabla ya Kuuliza Injini ya DX, Uliza Sakafu

Watu wakisikia nina Toyota DX, hata salamu hazijaisha wanauliza injini. "Dada, umeweka 4A-GE ama bado ni ile 4K?" 4K ndiyo injini iliyokuja na gari, na 4A-GE ni ile ya Toyota yenye nguvu zaidi ambayo vijana huipachika badala yake. Nami huuliza: ya kwako sakafu ikoje? Mara nyingi simu hunyamaza. Mtu ameshalipa, ameanza kutafuta injini, na zulia hajawahi kuliinua.

Mimi ni muuguzi, naishi Umoja, Nairobi, na nililelewa na baba aliyekuwa akifungua na kufunga Peugeot 504 nyuma ya nyumba yetu. DX yangu ni Corolla KE70, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, na nimekuwa nikiishughulikia siku zangu za mapumziko tangu 2019. Haya ninayoandika nimeyafanya kwa mikono yangu, mengine nikisimama kando ya fundi.

Naanza na bodi kwa sababu moja. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza huko lilikotoka. Hizi DX ni za miaka ya 1980. Hakuna meli itakayotuletea nyingine. Tulizo nazo ni zile zilizolala nyuma ya nyumba za wazee na zile wagoni zinazobeba mboga mashambani. Injini nayo ukiitaka unashuka Kirinyaga Road asubuhi, na jioni unarudi nayo juu ya mkokoteni. Kwa hiyo nikienda kununua, injini iliyokufa hainitishi. Inateremsha bei, na mimi napenda hivyo. Kinachonirudisha nyumbani ni kutu.

Chukua sumaku ya spika kuukuu, iingize ndani ya soksi isikwaruze rangi, kisha ipitishe taratibu kwenye bodi yote: chini ya milango, kuzunguka magurudumu ya nyuma, kwenye kingo za paa. Penye chuma utaihisi inang'ang'ania. Penye puti nene, ule uji unaokauka wa kuziba mashimo ya bodi, inaachia na kukuangukia mkononi. Halafu inua mazulia ya mbele, ugongegonge sakafu kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu kama kadibodi. Fungua boneti uangalie chini ya betri, maana maji ya betri hula bati pale, kisha uangalie vile vikombe viwili ambamo shoki za mbele zimefungwa. Vikombe vikiwa vimepasuka au kuchomelewa ovyo, shukuru mwenye gari na uondoke. Malizia kwenye buti, ndani ya shimo la gurudumu la spea. Ukiweza, nenda asubuhi baada ya mvua ya usiku. Zulia lenye maji litakuambia mengi ambayo muuzaji hatakuambia. Na uliza gari limeishi wapi. Lililokaa Mombasa miaka mingi limekula chumvi, hata kama linang'aa.

Yangu niliikuta Dagoretti chini ya mparachichi. Mzee alitaka 220,000. Sumaku ilianguka juu ya gurudumu la nyuma la kushoto. "Binti yangu, hapo iliguswa kidogo tu na mkokoteni," akasema. Tulipatana 165,000. Nilipoanza kupiga msasa nilikuta puti yenye unene wa kidole changu cha mwisho, na nyuma yake gazeti lililokunjwakunjwa kuziba shimo. Ulikuwa ukurasa wa michezo. Mabao ya mechi bado yalisomeka.

Pahali kama hapo panatibiwa kwa kukata. Kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe, pima bati la unene uleule, na fundi achomelee kwa nukta fupifupi huku akirukaruka, huku moja, kule moja, ili bati lisipinde kwa joto. Kabla hajawasha mashine, toa betri, toa zulia, na kama anachomelea karibu na tanki la petroli, tanki nalo litoke. Akimaliza, mwambie asiguse puti mpaka uje uone. Hilo usimwachie. Fundi wa kwanza niliyempa kazi alipaka puti na rangi nikiwa zamu ya usiku, na baada ya miezi minne rangi ilivimba malengelenge. Tulianza upya, kwa fundi mwingine, kwa pesa nyingine. Siku hizi nataka kuona mshono ukiwa uchi, nipige picha, ndipo ipakwe praima ya kuzuia kutu nje na ndani. Chini ya milango kuna vitundu vya kutolea maji. Vizibue kwa waya. Vikizibwa na tope, bati huoza kutoka ndani na wewe uko nje unapiga polishi.

Karatasi. Tafuta rekodi ya gari kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwenye huduma za NTSA, mamlaka inayosajili magari, kabla hujatoa hata shilingi. Utaona jina la mwenye gari, na utaona kama kuna mkopo uliochukuliwa kwa logbuku, yaani hati ya umiliki wa gari. Linganisha nambari ya chesisi iliyochapwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, herufi kwa herufi. Na kwa magari ya umri huu uliza swali ambalo watu huliona aibu: mwenye jina hili yuko hai? Mimi nilipoteza amana ya 20,000 kwa DX ya kwanza niliyoipenda, huko Kangemi. Mwenyewe alikuwa amefariki, watoto hawajaenda mahakamani kupata hati ya kusimamia mirathi, na bila hati hiyo hakuna wa kuhamisha umiliki. Siku hizi nalipa kiasi kidogo tu, na pesa kubwa inatoka muuzaji akishaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake na mimi nikiuona kwenye yangu.

Breki ni kabla ya injini, na hapa sibishani na mtu. Badilisha maji ya breki yote, mipira ya silinda za nyuma, na mabomba ya mpira ya mbele, kwa sababu yaliyozeeka huvimba kwa ndani na gurudumu hukataa kuachia. Springi usizikate. Najua inafanywa, na najua gari likishuka linapendeza, lakini springi iliyokatwa inaweza kutoka mahali pake gari likiruka tuta, na matuta ya Nairobi unayajua. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake wala lililopangiwa mawe. Nunua stendi mbili za chuma. Nimepokea wodini vijana waliobanwa na magari, ndiyo maana nasema hivi kwa sauti.

Sasa injini. Kabla ya kuitupa 4K, ipime kompresheni. Toa plagi zote nne, funga kipimo kwenye tundu la kwanza, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata mara tano sita, andika. Rudia tundu zote. Usitarajie nambari za kitabu, kwa sababu hapa tuko juu, mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi na kipimo husoma chini. Unachotafuta ni tundu zote kukaribiana. Kama moja iko chini sana, mwagia humo kijiko cha oili upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, tatizo liko kwa valvu au gasketi. Yangu ilikuwa valvu, tukatoa silinda hedi tu, na injini ile ile ya cc 1,290 inanipeleka kazini mpaka leo.

Kwa wanaotaka 4A-GE, siwakatazi. Ni injini tamu na inaingia. Ila hesabu yote kabla ya kununua: maunti za injini, giaboksi ya T50, propela shafti ya kipimo kipya, radieta kubwa, pampu ya petroli yenye nguvu, na waya. Nyingi zinazouzwa zimetoka kwenye magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Zile za valvu 20 zina distribyuta kwa nyuma, na ukizilaza kwa urefu, kama DX inavyotaka, distribyuta inagonga ukuta wa nyuma ya injini. Dai risiti na karatasi za forodha za injini hiyo siku ileile unayolipa, kwa sababu utazihitaji kubadilisha nambari ya injini kwenye logbuku, na gari litakaguliwa pale Likoni Road. Rangi nayo ukiibadilisha, ibadilishe kwenye logbuku pia.

Nimebakisha kabureta, na hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kabureta iliyopimwa kwa usawa wa bahari huku kwetu humwaga petroli kuliko hewa iliyopo. Dalili zake utaziona: gari zito kupanda, moshi mweusi, pesa inaisha kwenye kituo cha mafuta. Mafundi wengi hukimbilia kukaza skrubu ya sailensa, lakini hiyo inatawala injini ikinguruma gari likiwa limesimama tu. Barabarani inatawala jeti kuu, kile kipande kidogo cha shaba ndani ya bakuli la kabureta, chenye tundu jembamba na nambari iliyochongwa. Nilitafuta jeti ya nambari ndogo kidogo kuliko ya kwanza. Nikapeleka gari Thika Road asubuhi ya Jumapili, nikalikimbiza kwa gia ya nne mwendo mmoja, kisha pahali salama nikakanyaga klachi, nikazima injini na kuliacha litambae mpaka kando. Lazima uzime kutoka kwenye mwendo. Ukirudi polepole mpaka nyumbani, plagi zitakusomea mwendo wa foleni.

Subiri zipoe, toa plagi, ziangalie juani. Nyeusi yenye masizi makavu, petroli imezidi. Nyeupe kama chaki, hewa imezidi na injini inaungua. Unataka ile kauri ya ndani iwe na rangi ya chai ya maziwa. Tatu zangu zilikuwa chai. Ya nne ilikuwa nyeusi, na haikuwa kosa la jeti: waya wake wa plagi ulikuwa umepasuka. Nilibadilisha waya, nikaenda tena. Kisha nikaiongeza taimingi, yaani cheche iwahi zaidi, kwa digrii mbili, maana hewa nyepesi huungua taratibu, na gari likapanda Limuru kwa gia ya tatu bila kulia.

Ila kumbuka kuteremka. Desemba moja nilikwenda Mombasa na jeti hiyo hiyo. Tulipokaribia Voi, ambako hewa ni nzito zaidi, injini ilianza kugonga kila nikikanyaga, kama misumari ndani ya kopo, na mshale wa joto ukapanda. Nilisimama chini ya mti. Plagi zilikuwa nyeupe. Nilingoja injini ipoe kabisa, nikafungua kifuniko cha kabureta, nikarudisha jeti ya kwanza na kurudisha taimingi nyuma. Dakika arobaini. Safari za pwani sasa nabadilisha Mtito Andei, wenzangu wakinywa chai, na ile jeti ya Nairobi husafiri ndani ya kichupa cha vidonge kwenye dashibodi, imezungushiwa pamba.