Somo: Kugawa akiba kwenye vyeti vidogo vya amana kwa kufuata msimu

Ndugu wanachama, mpunga wa Mbarali umeshauzwa, parachichi za Rungwe nazo zinaendelea kutoka, na wengi wenu fedha imelala kwenye akaunti ya kawaida ambako haizai kitu cha maana. Baadhi yenu mmeambiwa kaunta, "Weka yote fiksidi mwaka mzima, ndiko kwenye riba nzuri." Fiksidi ni amana ya muda maalumu: unaifungia fedha benki kwa muda mliokubaliana, nayo inakulipa riba. Ushauri huo unamfaa mtu wa mshahara. Mkulima akifika Oktoba anataka mbolea, Januari ada, Aprili vibarua wa kuvuna. Anarudi benki kuvunja amana, na anayevunja kabla ya muda hunyimwa riba yote au sehemu kubwa yake. Nimeshaona watu wakitoka benki na fedha ileile waliyoingia nayo miezi minne nyuma, na hilo linaniuma kwa sababu linazuilika kirahisi.

Njia yenyewe ni kufungua amana kadhaa ndogo za muda maalumu, kila moja na cheti chake, na kila moja iive, yaani muda wake uishe, wakati hitaji lake linapofika. Ukibanwa, unavunja moja. Nyingine zinaendelea kuzaa.

Hatua ya 1: Andika tarehe za matumizi ukiwa nyumbani

Usiende benki ukiwa na kiasi tu kichwani. Tuchukue mfano wa mtu mwenye shilingi 6,000,000 mwanzoni mwa Julai. Mbegu na mbolea atazihitaji Oktoba, kabla mvua za Novemba hazijaanza: 1,500,000. Ada ya mtoto aliye shule binafsi, Januari: 1,000,000. Vibarua wa kuvuna, Aprili: 1,000,000. Kiasi asichokuwa na kazi nacho hadi Julai ijayo: 1,500,000. Milioni 1 iliyobaki haiguswi na somo hili. Inakaa akaunti ya kawaida kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Asiyeacha fungu hili ndiye atakayevunja cheti cha kwanza.

Mafungu hayalazimiki kulingana. Yafuate mahitaji yako.

Hatua ya 2: Hesabu kwa kurudi nyuma

Shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo amana ya miezi 6 iliyofunguliwa 20 Julai itaiva wakati mtoto ameshaitwa ofisini kuulizwa ada. Ifungue siku za mwanzo za Julai. Tazama pia sikukuu: cheti kinachoiva Sabasaba au Jumapili kitashughulikiwa siku ya kazi inayofuata. Uliza kama benki yako inahesabu kwa miezi au kwa siku, maana siku 90 na miezi 3 hazikutani tarehe moja. Ukiweka 3 Julai, siku 90 zinaisha 1 Oktoba, miezi 3 inaisha 3 Oktoba.

Hatua ya 3: Uliza mambo manne kabla ya kusaini

Kiwango cha chini cha kufungulia ni kiasi gani, kwa sababu kila benki ina chake na fungu dogo sana litakataliwa. Riba ya kila muda ni asilimia ngapi kwa mwaka. Nikivunja kabla ya wakati napoteza nini hasa. Na je, cheti kinakubalika kuwa dhamana ya mkopo?

Hapo kwenye riba fungueni macho. Asilimia inayotajwa ni ya mwaka mzima. Tuseme, kwa mfano tu, miezi 3 ni asilimia 5, miezi 6 ni 6, miezi 9 ni 7 na mwaka ni 8. Milioni 1.5 ya miezi 3 inazaa 18,750, wala siyo 75,000. Kisha Serikali inachukua kodi ya zuio asilimia 10 ya riba, benki inaikata yenyewe, unabaki na 16,875. Fungu la ada linakuletea 27,000, la vibarua 47,250, la mwaka 108,000. Jumla mkononi 199,125.

Milioni 5 hizohizo zikikaa pamoja mwaka mzima kwa asilimia 8 zingekupa 360,000 baada ya kodi. Sitaki mtu aseme sikumwambia: kugawa kunapunguza riba, na mwenye fungu kubwa mara nyingi anaweza hata kuomba aongezewe asilimia. Kama una hakika fedha hutaigusa mwaka mzima, usigawe. Ila jiulize kwa dhati, hiyo mbolea ya Oktoba utainunua kwa fedha ipi?

Hatua ya 4: Fungua, ukitoa fedha kwenye akaunti yako

Beba kitambulisho cha Taifa. Fedha itoke akaunti yako iingie amana, na kila fungu liwe na fomu yake. Usimkabidhi mtu noti mkononi akuahidi kukufungulia baadaye, hata kama mnasali kanisa moja.

Hatua ya 5: Soma cheti hapohapo kaunta

Hapa ndipo nawaomba mtulie. Angalia jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, kiasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kuiva, asilimia. Halafu tafuta sehemu ya maelekezo ya siku ya kuiva. Kwa kawaida kuna njia tatu: mtaji, yaani fedha uliyoweka, na riba virudi akaunti yako, riba irudi na mtaji uanze muda mpya, au vyote viwili vianze upya. Watu wengi wanaipita sehemu hii bila kuijaza, na wengine wanajaziwa ile ya tatu. Fungu la mbolea likijirudia lenyewe, unafika tawini katikati ya Oktoba kuambiwa fedha imefungwa hadi Januari.

Kwa mfano wetu, mafungu ya mbolea, ada na vibarua yaandikwe yarudi akaunti. La mwaka mzima ndilo unaweza kuliacha lijirudie. Omba nakala, na tarehe zote ziandike mahali ambapo mwenzako nyumbani anapajua.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama wa Uyole: Shikamoo mwalimu. Nikiwa na vyeti vinne benki moja, bima ya amana inanikinga mara nne?

Marahaba. Hapana. Bodi ya Bima ya Amana, inayowafidia wateja benki ikifungwa, inajumlisha amana zako zote zilizo benki moja, na kikomo cha fidia tangu 2023 ni shilingi 7,500,000 kwa mteja mmoja. Kabla ya hapo kilikuwa 1,500,000. Januari 2018 Benki Kuu ilipozifutia leseni benki tano, mojawapo ilikuwa Njombe Community Bank, hapahapa kwetu. Aliyekuwa na zaidi ya kikomo alitakiwa kusubiri mali za benki ziuzwe na madeni yakusanywe. Akiba yako ikipita milioni 7.5, peleka mafungu mengine benki ya pili.

Mwanachama wa Tukuyu: Mtoto akilazwa Agosti na akiba ya kawaida imeisha, nivunje kipi?

Pole, Mungu aepushe. Kama vyote vilianza siku moja, vunja chenye mtaji mdogo na riba ndogo kinachotosha hitaji. Kama kipo kinachokaribia kuiva, uliza kwanza mkopo mdogo kwa dhamana ya cheti hicho. Riba ya mkopo wa wiki mbili tatu inaweza kuwa ndogo kuliko utakayoipoteza. Mwambie afisa akupigie hesabu zote mbili kwenye karatasi.

Mwanachama wa Makambako: Mimi ni Mwislamu, riba siitaki. Somo hili linanihusu?

Linakuhusu kwenye mpangilio wa tarehe. Amana Bank inafuata misingi ya Kiislamu tangu 2011, na CRDB ilianzisha huduma ya Al Barakah 2021. Kwa mfumo wa mudharaba, ambapo benki inafanya biashara kwa fedha yako, mnakubaliana uwiano wa kugawana faida, hupangiwi asilimia ya uhakika. Mafungu unaweza kuyapanga vilevile, ila usipange ada kwa faida ambayo haijapatikana. Panga kwa mtaji.

Mwanachama wa Mafinga: Kikundi chetu cha akina mama kina milioni 3 kwa mweka hazina. Tunaweza kufanya hivi?

Mnaweza, tena msichelewe, fedha nyingi hivyo kukaa nyumbani kwa mtu ni hatari kwake na kwenu. Kikundi kiwe kimesajiliwa na kina akaunti yake. Pelekeni katiba, muhtasari wa kikao kilichoamua, na watia saini wenu. Cheti kiandikwe jina la kikundi, kamwe kisiandikwe jina la mweka hazina hata kama mnamwamini. Fungu moja liive kabla ya mgao wa mwisho wa mwaka, na kuvunja kuhitaji saini zaidi ya moja. Nakala isomwe kikaoni, wanachama wote wakiwepo.